Mjane Olga na Washenga wa Cyriaque

Shada kubwa kuliko yote siku ya mazishi ya Elysée lililetwa na Cyriaque. Maua meupe, utepe wa zambarau, maandishi ya Kifaransa. Aliliweka mwenyewe juu ya jeneza, akarudi nyuma hatua mbili, akainua mikono kuongoza kwaya. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya yetu ya Kiswahili, na siku ile iliimba vizuri hata wafanyakazi wa makaburini, wasioelewa neno hata moja, wakavua kofia zao kwenye ile baridi ya Novemba.

Olga Nabintu, mjane, alikaa mbele kabisa na binti yake Amandine. Mimi nilikaa nyuma yao. Kwenye ubeti wa pili aligeuka, macho makavu kabisa, akaninong'oneza: "Yaya, huyo ndiye alimuua."

Yaya kwao Bukavu ni dada mkubwa. Kwetu Tanzania yaya ni mlezi wa watoto, na mwanzoni neno lile lilinichoma kidogo. Baadaye nikalizoea, hata nikalipenda. Tuliishi ghorofa ya saba katika jengo la kupanga huko Parkdale, Toronto, milango ikitazamana. Naitwa Otilia, na kazi yangu ni ukalimani: nawatafsiria watu hospitalini na mahakamani. Nasema hivyo mapema kwa sababu ukalimani umo ndani ya habari hii, tena si ukalimani wa kujivunia. Kiswahili cha Olga kilijaa Kifaransa na mambo ya Bukavu. Nitakinyoosha kidogo ili kila mtu amfuate.

Elysée alifanya kazi Downsview, katika kiwanda cha ndoo na makreti ya plastiki. Kulikuwa na mashine ya kusaga mabaki, na mashine hiyo ilikuwa na mlango wa usalama: ukiufungua tu, inazimika yenyewe. Kila plastiki iliponasa, mlango ulifunguliwa, mashine ikazimika, kazi ya zamu nzima ikachelewa. Msimamizi wa zamu alikuwa Cyriaque. Akapata dawa yake: akakifunga kwa waya kile kifaa cha mlangoni, mashine ikawa inazunguka hata mlango ukiwa wazi. Elysée alimweleza mkewe habari hiyo mezani, majuma mawili kabla. "Siku moja itakula mtu," alisema. Ilimla yeye, saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Glovu ilinasa, mkono ukafuata, na gari la wagonjwa lilipofika hapakuwa na wa kubeba haraka.

Wakaguzi wa serikali walikuja siku ile ile. Wanaume watano wa zamu hiyo walikuwa Wakongo na Warundi, Kiingereza chao cha kuombea maji. Mkaguzi akauliza nani anaweza kuwatafsiria hapo kwa haraka. Cyriaque akasema, mimi. Maelezo yaliyoandikwa yakasema kwamba waya ule aliufunga marehemu mwenyewe, kwamba alionywa mara nyingi, na kwamba wenzake wote wanamjua kuwa mtu wa haraka haraka.

Elysée, mtu wa haraka! Mtu aliyesubiri taa ya waenda kwa miguu saa kumi na moja alfajiri barabara ikiwa tupu, theluji ikimwangukia begani. Olga alipopata nakala ya maelezo hayo aliniletea nimsomee. Nilipofika kwenye neno hilo alinizuia kwa mkono. "Rudia." Nikarudia. "Tena." Mara ya tatu akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya kanga aliyojifunga kiunoni, akaenda kupika.

Mafao ya mjane aliyapata. Huku sheria haiulizi kosa ni la nani. Watu wakamwambia ashukuru, amwachie Mungu. Yeye hakulilia mafao. Alisema: "Wamemuua mara mbili. Ya kwanza mashine. Ya pili karatasi. Mashine haina akili, nimeisamehe."

Baada ya sikukuu za mwaka mpya alianza kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mteja wake wa asubuhi alikuwa Bi Halyna, Mukraini wa miaka themanini na minane, mwalimu wa historia mstaafu, aliyefika Toronto akiwa msichana baada ya vita kuu. Miguu ilikuwa imemwisha lakini ulimi ulikuwa mzima, na Kifaransa alikijua, wakaelewana. Siku ya kwanza alisoma kitambulisho kifuani mwa Olga, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani alikupa jina hili?"

"Sista mmoja wa Kibelgiji," Olga akajibu. Akamsimulia. Alizaliwa Bukavu tarehe kumi na moja Julai. Baba yake na sista walisimama mbele ya kalenda ya watakatifu kutafuta jina la siku. Kwa herufi kubwa paliandikwa Benoît. Baba akakataa, maana mke wa mwalimu mkuu aliitwa Benoîte na walikuwa hawasemezani. Hakuna mwingine? Sista akasogeza uso karibu. Chini, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, paliandikwa Olga. Ndiye nani huyo? Mtakatifu wa Urusi, sista akasema, mengine sijui. Basi huyo huyo, baba akasema.

"Wa Urusi!" Bi Halyna alipiga mkono wa kiti. "Wa Kyiv! Moscow ilikuwa bado kichaka." Alipotulia alimwomba Olga akae, uji upoe. Akamwambia kwamba jina lile hata Waslavi wenyewe hawakulizaa. Lililetwa na watu wa kaskazini, kutoka nchi za Skandinavia, walioteremka kwa mito na mashua zao wakiuza ngozi na watumwa, mpaka wakakaa Kyiv wakawa watawala. Kwao lilikuwa Helga, yaani aliyebarikiwa, mtakatifu. Midomo ya Waslavi ikaimeza ile H ya mwanzo, Helga akawa Olga. La kiume lilikuwa Helgi, nalo likawa Oleg. Ingvar akawa Igor. Wajukuu wa wale mabaharia wakaisahau lugha ya babu zao, majina yakabaki. "Sisi Waukraini tunasema Olha," akamwambia, na hiyo *ha* aliitoa kama mtu anayepuliza viganja vyake wakati wa baridi. Tangu siku hiyo hakumwita vingine.

"Na huyo Olga wa Kyiv alifanya nini?" Olga akauliza. "Alikuwa sista?"

Bi Halyna alicheka mpaka akakohoa.

Habari aliyompa ni ile ya miaka elfu moja na zaidi iliyopita, kama wamonaki wa kale walivyoiandika. Olga alikuwa mke wa Igor, mtawala wa Kyiv. Igor alikwenda kuchukua kodi kwa kabila la Waderevliani, akarudi kuchukua tena, wakamuua. Kisha, watu hao hao walioua wakatuma washenga. Ndiyo, washenga: watu ishirini ndani ya mashua, kumwambia mjane kwamba mumewe amekwisha kufa, basi aolewe na mkuu wao. Olga hakupiga kelele. Akawaambia maneno yenu ni mazuri, rudini mashuani mlale, kesho nitawapa heshima kubwa, mtabebwa juu kwa juu ndani ya mashua yenu mpaka nyumbani kwangu. Asubuhi wakabebwa, wamejitanua kwa majivuno, wakatupwa na mashua yao katika shimo alilochimbisha uani, wakafukiwa hai. Naye alisimama ukingoni akawauliza kama heshima imewatosha.

Hakuishia hapo. Alituma ujumbe akitaka waje wakubwa wao, watu wa hadhi, la sivyo watu wake hawatamruhusu kwenda. Wakaja. Akawapashia moto bafu waoge uchovu wa safari, mlango ukafungwa kwa nje, bafu likachomwa. Kisha akaenda mwenyewe nchini kwao kufanya matanga ya mumewe, akawanywesha, na walipolewa wakachinjwa. Mwisho akauzingira mji wao. Alipochoka kuuzingira akaomba zawadi ndogo tu ya amani, njiwa watatu na shomoro watatu kutoka kila nyumba. Wakampa kwa furaha. Kila ndege akafungwa kitambaa chenye kiberiti, kikawashwa, ndege wakarudi kwenye viota vyao, mji ukaungua nyumba zote kwa wakati mmoja.

"Naye ni mtakatifu?" Olga akauliza.

"Alibatizwa baadaye," Bi Halyna akasema. "Ndege kwanza, ubatizo baadaye."

Mchana ule Olga aligonga mlango wangu, mifuko ya sokoni bado mikononi. Hakuingia. "Yaya," akasema, "kumbe jina langu lina kazi."

Nilicheka. Sikujua nacheka nini, mpaka usiku aliponisimulia yote.

Kufika Aprili, Godelive, dada yake Cyriaque, alianza kuleta maneno. Godelive alikuwa rafiki wa Olga kweli. Miaka ya nyuma ndiye aliyekuwa akimchukua Amandine shuleni. Alisema kaka yake ni mgane, mtu wa kanisa, na anaumia kumwona Olga peke yake. Anaomba ruhusa ya kutuma watu. Mpaka leo sijui moyo wa Cyriaque ulikuwa na nini. Labda alimpenda. Labda aliona kwamba mjane ukimuoa umemfunga mdomo. Labda alikuwa na dhamiri na hakujua aiweke wapi. Olga alipoisikia habari ile alimwambia Godelive kwa sauti ya kawaida: "Waje Jumapili baada ya misa."

Walikuja wawili: Mzee Silvanus, mzee wa kanisa, Mngoni wa Songea mwenye adabu ya zamani, na Brice, kijana wa Uvira anayekaribia miaka arobaini, mmoja wa wale watano wa zamu. Cyriaque alimchagua Brice kwa sababu ni msemaji mzuri. Lakini siku ile Brice hakuwa na usemi. Alikaa pembeni mwa kochi kama mtu aliyekalia msumari.

Olga aliwapa fufu, sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, na samaki wa kukaanga. Alivaa gauni la buluu. Nguo nyeusi zilikuwa hazijatimiza miezi sita. Mzee Silvanus akakohoa, akaanza: "Binti yetu, sisi tumetumwa. Kuna mtu ameona moshi jikoni kwako umefifia, akasema si vizuri."

"Asante, baba. Maneno yenu ni mazuri," Olga akasema. Mimi niliyekuwa nikimsaidia kupakua nikasita, maana nilijua alikoyatoa. "Lakini mmekula makavu. Brice, ndugu yangu, twende kwa yaya hapo mkabala tukalete soda."

Tuliingia jikoni kwangu watu watatu. Olga akasimama mlangoni.

"Siku ile," akasema, "mkaguzi alikuuliza nini?"

Brice aliangalia friji. "Mama Amandine, tafadhali."

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza nani alifunga waya."

"Ukasemaje?"

"Nilisema ukweli. Nilisema ni Cyriaque. Nilisema kwa Kiswahili, na wenzangu wote walisema hivyo."

"Na yeye akasemaje kwa Kiingereza?"

Brice alilichukua kreti la soda lililokuwa sakafuni. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini hakikuwa kidogo kiasi hicho. "Akasema wote tumesema ni Elysée."

"Ukasikia."

"Nikasikia."

"Ukanyamaza."

Brice alianza kulia, mtu mzima, amekumbatia kreti la soda. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii. Kuna siku nimesahau neno, kuna siku nimechoka, lakini kuchukua ushahidi wa watu watano na kuugeuza ndani ya kinywa chako wakiwa wamesimama mbele yako! Nilitamani Brice aseme kwamba amekosea. Olga hakumpa hata leso. "Utayasema tena," akamwambia. "Siku nitakayokuambia, mbele ya watu nitakaowachagua. Sasa futa uso, beba soda."

Aliporudi sebuleni alikaa kitako na kumweleza Mzee Silvanus mila za kwao Bushi, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu. Mjane wa kule, alisema, haposwi na watu wawili. Anayemtaka huja na wote waliokuwa na marehemu siku ya mwisho. Mjane huwapikia kwa mkono wake, na kila mmoja hula, kisha husimama na kueleza alivyomwona marehemu akifa. Hapo roho ya marehemu humwachia mkewe. Bila hivyo ndoa haina baraka.

"Mila nzuri sana," Mzee Silvanus akasema, machozi yakimlengalenga. "Sisi tumezipoteza."

Walipoondoka nikamuuliza: "Hiyo ni mila ya kweli?"

"Nimeitunga nikikaanga samaki," Olga akajibu.

Karamu ilipangwa Jumamosi ya pili ya Juni. Majuma yale ya katikati yalikuwa mabaya kuliko siku yenyewe. Cyriaque alianza kupita jioni kusalimu, na Olga alimpokea. Alimchekea. Alimsikiliza akieleza nyimbo atakazofundisha kwa ajili ya harusi, akampa chai ndani ya kikombe cha Elysée, na alipotoka alikiloweka kikombe kile kwa maji ya moto na dawa ya vyoo. Amandine, binti wa miaka kumi na mitano, aliamini kila kitu. Mama yake hakumwambia. Mtoto yule anasikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku moja nilimsikia kupitia mlango akipiga kelele kwamba baba yake hata mwaka hajamaliza kaburini. Olga alimjibu kwa Kiswahili, taratibu: "Leta chai, mgeni anasubiri."

Nilimwambia anaumiza mtoto. Akasema anajua.

Mwanasheria nilimtafuta mimi. Aliitwa Shahida, wa ofisi ya kusaidia wafanyakazi, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alieleza kwamba muda wa kufungua mashtaka bado haujapita, lakini bila mashahidi hakuna kesi. Hakuipenda habari ya karamu. "Waleteni ofisini," akasema.

Nikatafsiri. Olga akatikisa kichwa. "Mwambie ofisini hawatakuja. Kwenye chakula watakuja."

Tulikodi ukumbi mdogo wa chini katika jengo letu, ule wa sherehe za watoto. Saa saba mchana walikuwa wamefika: wale wanaume watano wa zamu, Mzee Silvanus, Godelive na wanakwaya wanane. Cyriaque alivaa suti ya kijivu na ua jeupe kwenye mfuko. Shahida aliketi meza ya mwisho, ametambulishwa kama rafiki. Nilikaa kando yake, mdomo karibu na sikio lake. Ukutani paliwekwa picha ya Elysée, na Olga aliwapakulia mwenyewe, mmoja mmoja, akiuliza kila mtu kama nyama imetosha.

Walipomaliza kula akasimama. Akamshukuru kila mtu kwa kuheshimu mila. "Bwana Cyriaque, wewe ndiye mkubwa wao. Anza."

Cyriaque alisimama vizuri, mikono mbele, kama kabla ya wimbo. "Elysée alikuwa ndugu yangu," akasema. "Mchapakazi. Lakini sote tulimjua, alikuwa mtu wa haraka. Nilimkataza kufunga ule waya. Nilimkataza mara nyingi. Siku ile nilisikia kelele, nikakimbia. Alifia mikononi mwangu. Mungu ampumzishe."

"Umekula?" Olga akauliza.

"Nimekula, asante."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba kabisa."

"Vizuri. Brice."

Brice aliinuka, na kiti kikaanguka nyuma yake. Aliiangalia picha ya ukutani badala ya watu. "Waya aliufunga Cyriaque," akasema. "Na asubuhi ile aliukaza tena, mbele yangu. Elysée alikataa kusafisha mlango ukiwa wazi. Akaambiwa kama hataki arudi nyumbani na asirudi tena. Ndipo akatia mkono." Akainama, akaokota kiti. "Na hakufia mikononi mwa mtu. Cyriaque alikimbilia ofisini. Mimi ndiye nilimshika Elysée. Aliuliza kama mashine imezimwa."

Nilinong'ona Kiingereza sikioni mwa Shahida, kalamu yake ikikimbia.

"Brice, umelewa?" Cyriaque alijaribu kucheka.

"Ni soda," Brice akasema.

Akainuka wa pili bila kuitwa. Alisema: ni kweli, na mimi nilimwambia mkaguzi. Wa tatu akasema vile vile. Wa nne alikuwa Mrundi mzee asiye na meno ya mbele, yeye hakusimama, aliweka uso mezani na kusema, "Tulisema, mama. Tulisema sote. Hatukujua yanageuka nini." Wa tano alitoka nje akitapika, kisha akarudi akasimama nyuma ya wenzake.

Godelive alikuwa amejiziba mdomo. Cyriaque aliwaangalia watu wake mmoja mmoja, halafu akamgeukia Olga. "Mbona unaniaibisha? Mimi nimekuja kukuoa."

"Wewe ulikuja kunioa," Olga akasema. "Mimi nilikualika umzike mume wangu. Mara ya kwanza ulimzika vibaya."

Ndipo akaiona kalamu. "Yule ni nani?"

"Mwanasheria."

"Na huyu anayemnong'oneza?"

"Mkalimani. Safari hii wa kweli."

Cyriaque aliondoka na suti yake, ua limelegea mfukoni, na hakuna aliyemsindikiza. Alipofika mlangoni Olga alimwita. Akageuka, nadhani alitumaini neno. Olga alimuuliza tu, kwa ile sauti ya kuuliza kama nyama imetosha: "Heshima imekufaa?" Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi, na mimi nilitaka kukaa mbali naye hatua chache.

Jumatatu iliyofuata wale wanaume watano walikwenda kwa Shahida. Si mimi niliyewatafsiria, sheria haikuruhusu. Alitafutwa mkalimani asiyemjua mtu yeyote kati yetu. Mashtaka yalifunguliwa. Kampuni ilikiri kosa, na kiwanda kikabadilisha mashine. Cyriaque naye alikiri mwishoni. Hakimu alimpa siku thelathini za jela, azitumikie mwisho wa wiki ili asipoteze kazi mpya aliyokuwa ameipata. Ijumaa jioni anaingia, Jumatatu alfajiri anatoka. Maana yake ni kwamba Jumapili baada ya Jumapili mahali pa mwalimu wa kwaya palikuwa wazi, na kwaya ilianza nyimbo kwa kuyumba. Olga, ambaye awali alikaa nyuma, alihamia benchi la mbele kabisa. Alisema anasikia vizuri zaidi kutoka pale.

Karatasi ikarekebishwa. Iliandikwa kwamba mfanyakazi hakuwa na kosa lolote. Nilimsomea mara moja tu, akainama juu ya meza na kulia, kwa mara ya kwanza nijuavyo mimi, kilio kibaya chenye sauti. Nilimwacha alie.

Si kwamba kila kitu kilimwendea vizuri. Amandine alinuna majuma mazima. Alimwambia mama yake kwamba alimtumia. Kwamba alimfanya ampelekee chai muuaji wa baba yake kwa mikono miwili, huku mama akijua na mtoto hajui. Safari hii Olga hakutunga chochote. Siku hizi wanaongea, lakini binti hufunga mlango wa chumba chake. Godelive hakuvuka tena kizingiti chetu. Nusu ya wanakwaya walihamia parokia nyingine, wakisema mwanamke anayelisha watu ili awamalize hafai kukaa naye meza moja. Mzee Silvanus aliugua kwa aibu ya kutumika, na Olga alikwenda kumwomba radhi akiwa amepiga magoti. Huyo peke yake.

Bi Halyna aliposimuliwa hakupiga makofi kama nilivyotegemea. Alimwomba Olga amsogezee blanketi. "Nilikufundisha historia," akasema, "nilidhani tunapitisha wakati." Kisha akataka kujua nyama ilipikwaje.

Mwisho wa kifungo chake Cyriaque alirudi kanisani, amekonda, akakaa benchi la tatu. Padre alipotuambia tutakiane amani, watu wakaanza kushikana mikono kushoto na kulia. Cyriaque aliinuka, akapita katikati ya watu mpaka benchi la mbele. Akanyoosha mkono. Watu wote walikuwa wanaangalia, hata padre.

"Olga," akasema, "nimemaliza adhabu. Naomba amani."

Olga aliutazama ule mkono bila haraka, vidole, kiganja, kama anayechagua samaki.

"Umemaliza yao," akasema. "Yangu sijakupangia siku."

Akamgeukia mama mmoja mzee upande wa pili, akampa mkono, akamtakia amani ya Bwana.

Baada ya misa padre alimwita pembeni akamsemesha kwa muda mrefu. Nilimsubiri kwenye kituo cha tramu, Barabara ya Queen, upepo wa ziwa ukitupiga. Alipotoka nilimuuliza padre amesema nini. "Amesema nisamehe." Nawe ukasema? "Nikamwambia, nikiweza nitakuja nikuambie wewe, padre, wa kwanza." Nikamuuliza, hujachoka? Hujatosheka, baada ya yote haya? Alifikiri kweli, maana hunijibu kweli kila mara.

"Yaya," akasema, "usiku nalala. Zamani sikulala."

Tramu ikafika. Alikuwa na zamu ya mchana kwa mzee mwingine, upande wa mashariki. Akapanda, akapata kiti dirishani, akatoa kitambulisho chake kwenye mkoba akakibandika kifuani, jina likionekana.